Maono na Daftari

Daftari lenyewe halina la kujivunia. Ni lile la jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu, linalouzwa katika kila duka la vitabu mjini Ruiru, na pembe zake zimeliwa na mkoba. Mweka hazina wa chama cha ploti yetu hapa Mwiki ni Mkorino, na Jumapili alasiri hulifungua juu ya magoti kilemba cheupe kikiwa bado kichwani, wanachama wamemzunguka kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Hupiga mistari kwa rula na biro nyekundu, huandika majina kwa herufi za mwanzo tu, hulamba kidole gumba kabla ya kufunua ukurasa. Anayesema ametuma mchango lazima asome ujumbe wa M-Pesa kwa sauti, msimbo wote, herufi kwa herufi, ndipo atiwe alama. Na asiyetuma hatajwi kwa ukali, jina lake huachiwa nafasi tupu ambayo kila jicho linaiona. Asubuhi ya siku hiyohiyo mama huyu alikuwa pekupeku kanisani, mikono juu, ngoma zikivuma, akieleza aliyoonyeshwa usiku. Hakuna anayeona ajabu. Wanawake waliokuwa wakimsikiliza akinena habari za mbinguni ndio haohao wanaombishia sasa juu ya shilingi mia mbili za faini.

Tumezoezwa kuvitenga vitu hivi viwili. Mwenye maono, tunaambiwa, hukaa mlimani au pangoni, hajui bei ya unga, na akishuka kwetu hushuka kuonya. Mwenye daftari naye ni mtu wa kaunta, macho chini, hana habari na nyota. Kwa hiyo niliposoma habari za George William Russell, mshairi wa Ayalandi aliyejiita AE, sikumwona mgeni kabisa. Nilimwona ameketi kwenye kiti cha plastiki, ndevu zimemfunika kifua, anangoja zamu yake ya kusoma msimbo.

Alizaliwa Lurgan, upande wa kaskazini wa Ayalandi, tarehe 10 Aprili 1867, baba yake akiwa mtunza hesabu. Familia ilihamia Dublin angali mtoto. Huko, katika shule ya sanaa, alikutana na kijana mwingine aliyeitwa William Butler Yeats, wakawa marafiki wa maisha, kwa kugombana na kupatana. Yeats ndiye anayejulikana na dunia. Ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1923, na ni katika shairi lake Chinua Achebe alimochota jina la Kiingereza la riwaya yake ya mwaka 1958, hata vizazi vya wanafunzi wa Kenya wakayatamka maneno ya Mwairishi huyo shuleni bila kumjua mwenyewe. Russell alibaki pembeni ya picha. Lakini katika wawili hao, Russell ndiye aliyekuwa akiona. Yeats alitafuta maono maisha yake yote, akajiunga na vyama vya siri, akamketisha mkewe aandike yaliyoletwa na mizimu. Russell hakuhitaji kutafuta. Tangu ujana alikuwa akipita zake kwenye njia za mashambani, na nchi ikimfungukia: kilima kikawa na mwanga ndani yake, viumbe warefu wa nuru wakasimama mahali ambapo wengine waliona mawe na kondoo. Aliyachora hayo ukutani na kwenye turubai, akayatungia mashairi yaliyotoka kitabuni mwaka 1894, na mwaka 1918, katika The Candle of Vision, akayaeleza kwa utulivu wa fundi saa anayekuonyesha gurudumu moja baada ya jingine. Hata jina lake la kalamu lilizaliwa na ajali ya matbaa: alitia sahihi ya neno Aeon, mwandiko ukawashinda wachapishaji, zikabaki herufi mbili. Hakulalamika. Na mchana, katika miaka hiyo ya kuona viumbe wa nuru, alikuwa karani wa duka la nguo la Pim's pale Dublin, akihesabu fedha za wenyewe.

Mwaka 1897 ndipo mambo yalipogeuka. Horace Plunkett, mtu wa ukoo wa mabwanyenye, alikuwa ameanzisha miaka mitatu nyuma shirika la kueneza ushirika miongoni mwa wakulima, naye alihitaji mtu wa kuzunguka vijijini kuunda benki ndogo. Yeats akamtaja rafiki yake. Fikiria ujasiri wa pendekezo hilo: kwa kazi ya kuwafundisha wakulima maskini mambo ya riba na dhamana, mchukueni huyu anayezungumza na miungu. Wakamchukua. Wakampa baiskeli. Akaenda nayo magharibi, kwenye nchi ya mawe na mvua ambako njaa kuu ya miaka ya 1840 ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine baharini, na ambako wajukuu wa walionusurika walikuwa sasa wamenaswa na mwenye duka wa kijiji. Mwenye duka huyo alikukopesha mbegu, akakukopesha unga, kisha akanunua mazao yako kwa bei aliyoitaka yeye, na hakuna aliyewahi kuona mwisho wa hesabu yake. Sisi watu wa Mwiki hatuhitaji kuelezwa. Huku kwetu mtu huyo anaitwa shailoki, anakaa na kitambulisho chako na kadi yako ya benki ndani ya droo, na simu yake unaijua kwa mlio.

Benki aliyoiunda Russell ilikuwa imebuniwa Ujerumani na Raiffeisen, na ukiitazama kwa karibu utaona ni chombo cha ajabu. Watu wa eneo moja dogo, wanaofahamiana kwa sura na kwa tabia, wanakusanyika na kukubali kwamba kila mmoja wao atawajibika kwa deni la wote, bila kikomo. Si kwa kiasi cha shea zake tu. Kwa yote aliyo nayo. Kisha kamati ya majirani inakaa na kumwuliza anayetaka mkopo: wa nini? Akisema ni wa kununua mwana wa nguruwe, wanaujua ukubwa wa zizi lake, wanajua kama mkewe ni mchapakazi, wanajua nguruwe atauzwa mwezi gani, na muda wa kulipa unapangwa ufuate tumbo la nguruwe, si kalenda ya benki. Hakuna rehani ya shamba, maana hakuna shamba. Kinachowekwa rehani ni jina. Ukishindwa kulipa, hutamkimbia mtu wa mjini aliyevaa tai. Utakutana na wadai wako kisimani, kanisani, na kwenye maziko ya mama yako.

Hapa ndipo ninapoanza kuamini kwamba Plunkett hakubahatisha. Mtu anayekaa mbele ya mkulima aliyechakaa, mwenye deni, mlevi pengine, na kumwambia kwamba anaweza kuwa mkurugenzi wa benki, anahitaji jicho la aina fulani. Mhasibu wa kawaida angemwona yule aliyepo. Russell alikuwa amejizoeza kuona asiyekuwapo bado. Aliamini kwa dhati kwamba ndani ya kila mtu kuna kiumbe wa nuru, na imani hiyo, ambayo kwenye mashairi yake wakati mwingine inachosha, kwenye chumba cha mkutano cha kijiji ilifanya kazi ya dhamana. Mkopo nao ni nini kama si maono yaliyotiwa sahihi? Unapokuwa mdhamini wa mwenzako katika sacco, unaandika nambari ya kitambulisho chako chini ya picha ya kesho ambayo haijapigwa: pikipiki ambayo bado iko dukani, karo ya mtoto ambaye bado hajaitwa chuoni, nyumba ya mabati ambayo bado ni mchoro kwenye simu. Wahenga hawakuwa wajinga waliposema kukopa harusi kulipa matanga. Walikuwa wameyaona matanga mengi. Hata hivyo watu wanaendelea kudhaminiana.

Mwiki yenyewe imejengwa hivyo. Ni wadi ya Ruiru, ndani ya Kiambu, lakini ukipotea kidogo unajikuta katika Mwiki nyingine, ile ya Kasarani, kaunti ya Nairobi, na hakuna mtu wa kawaida anayesimama kuuliza mpaka uko wapi isipokuwa wakati wa uchaguzi na wakati bomba la maji limepasuka. Udongo ni mweusi, ule unaonata. Mvua za masika zikianza, kiatu kinabaki njiani na mguu unaendelea. Ruiru na Thika zilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, kahawa na mkonge mpaka macho yachoke. Baada ya uhuru zikaja kampuni za kununua mashamba: watu wa kijiji au wa kazi moja wakachanga shilingi kwa shilingi, wakapewa cheti cha shea kabla ya kuonyeshwa hata jiwe la mpaka. Wako waliojengewa ghorofa na wajukuu juu ya cheti hicho. Wako pia waliozikwa nacho mfukoni, ploti haijaonekana. Leo ukisimama stage alfajiri, kila matatu ina jina la sacco yake ubavuni, kwa kuwa serikali ilikwisha kuagiza kwamba mwenye gari moja hawezi tena kufanya kazi peke yake. Makanga anayening'inia mlangoni huenda hajui kwamba anafanya kazi chini ya wazo lililopita vijiji vya Ujerumani na vilima vya Ayalandi kabla ya kufika kwenye barabara ya vumbi ya Mwiki. Wala halazimiki kujua. Kenya ushirika ulianza na walowezi wa maziwa pale Lumbwa mwaka 1908, Mwafrika akiwa nje ya mlango. Tulipouingia hatukuingia kama wanafunzi wa mtu, maana ngwatio, ile kazi ya kusaidiana shambani kwa zamu, ilikuwa imewatangulia wote.

Pwani yetu inamjua mwenye maono wa namna nyingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yapata miaka 200 iliyopita, alizitazama nyumba za Pate zilizokuwa za mabwana na kuuhutubia moyo wake mwenyewe katika Al-Inkishafi: ziko wapi taa, wako wapi waliolalia vitanda vya fahari, mbona popo ndio wenye kumbi? Sijui shairi la Kiswahili lililonitia baridi zaidi ya hilo. Kwa Sayyid, kuona ni kufumbuliwa macho yakatambua kwamba dunia inapita, na mtu mwenye busara ataachilia. Russell aliona upande wa pili wa pazia lilelile. Naye alijua dunia ni kivuli. Aliishi miaka mingi na wanatheosofia wa Dublin, akisoma maandiko ya Wahindi, akihubiri kwamba roho hurudi na kurudi. Lakini badala ya kusema basi tuiache, alisema kama kila kitu kina nuru ndani yake, basi na kiwanda cha siagi kina nuru, na mizani isiyoibia ina nuru. Siwezi kuamua ni nani kati yao aliyeona mbali zaidi. Usiku wa manane, umeme umekatika, niko na Sayyid. Mwisho wa mwezi niko na yule wa baiskeli.

Yupo wa tatu ambaye siwezi kumruka, kwa kuwa nchi yake ndiyo hii. Katika miaka ya 1920 kijana wa Bibirioni, Limuru, Joseph Ng'ang'a, aliitwa na sauti, akajitenga na watu muda mrefu akisali. Alipotoka, wengine walikuwa nao wameanza kuona: wanaume kwa wanawake wa Kiambu na Murang'a waliosoma Biblia bila padre wala mmishonari, walioomba mikono ikiwa juu, walioota ndoto na kuzieleza, waliovikataa vitu vya Wazungu. Wenyewe walikuwa arathi, manabii. Serikali ikawaandika kama Watu wa Mungu, na Jomo Kenyatta akawapa nafasi katika kitabu chake cha mwaka 1938. Walitembea na pinde na mishale. Mwezi wa Februari 1934, katika msitu wa Ndarugu, upande huu wetu wa Thika, polisi waliwafikia, na Ng'ang'a na wenzake wawili wakapigwa risasi wakafa. Mwaka huohuo tume ya ardhi ya Carter ilitangaza ripoti yake iliyowaambia Wagikuyu, kwa lugha safi ya ofisi, kwamba sehemu kubwa ya ardhi waliyoililia haingerudi. Vilemba vyeupe vya Wakorino ninavyoviona kila Jumapili vikishuka kwenye matatu ni vya wajukuu wa msitu ule.

Waweke Ng'ang'a na Russell kando kwa kando. Mwaka uleule wa 1934 Russell, ambaye dola ileile ya Uingereza iliitawala nchi yake mpaka alipokuwa na miaka zaidi ya hamsini, alialikwa Marekani, na wakuu wa kilimo wa serikali ya Roosevelt walitaka kumsikia akizungumza juu ya maisha ya mashambani. Mzee mwenye kuona viumbe wa nuru, aliyeamini aliwahi kuishi zamani katika miili mingine, alikalishwa kitini na kusikilizwa na mawaziri. Ng'ang'a hakupewa kiti. Ni rahisi kusema mmoja alibeba daftari na mwingine upinde, na kwa muda nilitosheka na jibu hilo. Sasa halinitoshi. Mwafrika wa Kiambu mwaka 1934 hakuruhusiwa kulima kahawa ambayo mlowezi wa Ruiru aliilima ng'ambo ya ua, na sheria ya ushirika haikuwa imeandikwa kwa ajili yake. Chama ambacho angekiwekea daftari kilikuwa kipi? Hata Ayalandi daftari lenyewe halikuwa kinga. Katika vita vya uhuru, mwaka 1920, askari wa Kiingereza walivichoma viwanda vya maziwa vya ushirika kwa kulipiza kisasi, maana walijua, kama wajuavyo askari wote, mahali moyo wa kijiji ulipo. Russell aliandika kuvitetea kimoja kimoja.

Maana upole wake ulikuwa na makali. Mwaka 1913, waajiri wa Dublin walipowafungia nje maelfu ya wafanyakazi kwa kosa la kujiunga na chama cha wafanyakazi, alichapisha gazetini barua ya wazi kwa matajiri hao, na ni barua ya kuogofya, ya mtu anayewasomea hukumu akiwa ameshika kofia mkononi. Kisha akarudi ofisini kuhariri The Irish Homestead, gazeti la wakulima aliloliongoza tangu 1905, lenye habari za mbolea na bei ya mayai. Kabla hata hajawa mhariri alikuwa ndiye aliyemwomba kijana mmoja fukara alitungie gazeti hilo hadithi fupi zinazoeleweka na wakulima. Kijana huyo alikuwa James Joyce, na hadithi zake za kwanza zikatoka humo mwaka 1904, majirani zake wakiwa matangazo ya mashine za maziwa. Joyce akamlipa kwa kumtia kama kichekesho ndani ya Ulysses, ambamo kijana Stephen anakumbuka kwamba ana deni la pauni moja ya AE, anaifanyia falsafa, na haijalipwa hadi leo. Nalipenda deni hilo kuliko yote katika fasihi. Mtu aliyewafundisha wakulima wa nchi nzima kulipa kwa wakati alishindwa kudai pauni yake kwa msanii mmoja.

Mashairi yake? Nisiseme uongo kwa ajili ya heshima. Ni laini mno. Kila jioni ni ya zambarau, kila nyota ina siri, na baada ya kurasa kumi msomaji anatamani mtu apige chafya. Yeats aliishika ndoto akaiminya mpaka ikatoa damu. Russell aliiacha ipite, kwa kuwa kwake ilikuwa imeshakuwa kweli, haikuhitaji kuthibitishwa. Pengine ndiyo adhabu ya anayeona kirahisi. Lakini ukienda kuuliza ni nani aliyekuwa na mlango wazi, jibu ni moja. Jumapili jioni nyumba yake ya Rathgar ilijaa watu na chai. Mwaka 1931 mkulima mchanga wa Monaghan, Patrick Kavanagh, alitembea kwa miguu hadi Dublin kumwona, nguo za kazi mwilini, naye Russell akampa vitabu vya kwenda navyo nyumbani. Kavanagh alikuja kuwa mshairi mkubwa wa udongo ule, tena mshairi mgumu, asiye na zambarau hata chembe.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Ayalandi iliyopata uhuru ilimwogopa. Ilipitisha sheria ya kudhibiti vitabu mwaka 1929, ikapenda utakatifu wa kelele. Gazeti lake la mwisho lilifungwa mwaka 1930. Mkewe alifariki mwaka 1932, na mwaka uliofuata akaiuza nyumba, akahamia Uingereza. Mji alikozaliwa ulikuwa umebaki ng'ambo ya mpaka mpya uliochorwa kugawa kisiwa. Alifia Bournemouth tarehe 17 Julai 1935, maiti ikarudishwa Dublin kuzikwa. Benki zake nyingi za vijijini zilikuwa zimeshadhoofika au kufa, nyingine kwa vita, nyingine kwa ugonjwa tunaoujua vizuri hapa: mwenyekiti aliyejikopesha, mwanachama aliyehama bila kuaga, katibu aliyezoea kuandika kwa penseli.

Ugonjwa huo wa penseli mweka hazina wetu anauwinda hasa. Mwezi uliopita mwanachama mpya, kijana wa bodaboda, aliomba mkopo wa tairi na hakuwa na mdhamini wa pili. Mama akamtazama kwa muda, akanyamaza, kisha akajiandika yeye mwenyewe, kwa biro, nambari zote za kitambulisho. Wenzake wakaguna. Mmoja akamwuliza kama ameonyeshwa kwamba huyu atalipa. Akasema hakuonyeshwa kitu, ila amemwona akiosha pikipiki kila asubuhi kabla ya mvua na baada ya mvua. Akageukia ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa faini ya waliochelewa, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza.